Gari la Kitabuni na Gari la Barabarani

Barabara ya lami inayoanzia Vurra, ikapita Arua na Koboko na kuishia Oraba, ina urefu wa kilomita 92. Upande mmoja inagusa Kongo, upande wa pili Sudan Kusini, na katika nchi zote mbili magari hupita kulia. Kwa kilomita hizo 92 tu dereva hushika kushoto. Haikuwa lazima iwe hivyo. West Nile, eneo la Uganda inakopita barabara hii, ilikuwa sehemu ya Lado, eneo alilokuwa nalo Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mpaka alipofariki. Mwaka 1910 ikawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 ikatiwa Uganda. Sudan nayo ilishika kushoto mpaka Agosti 1973, ilipohamia kulia siku moja nchi nzima. Mstari wa mpaka ungepita kwingine kidogo, dereva wa leo wa Onduparaka angekalia kiti cha pili.

Wapenzi wa soka wanalijua jina la Onduparaka kwa sababu ya timu iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016. Mimi nalitaja kwa ajili ya mafundi. Katika vitongoji vya Arua kama hiki, gari linaweza kuwa lilitengenezwa Japani, likatumika Kongo, likanunuliwa kwenye mnada wa shirika la wakimbizi, likafungiwa injini ya gari lingine na kabini ya gari la tatu, na bado likatembea lina namba halali ya Uganda. Ndiyo maana hapa ni mahali pazuri pa kuuliza kile ambacho sheria hudhani kila mtu anakijua: mtu anaposajili gari, anasajili kitu gani hasa?

Tuanze na umri, maana ndiko serikali inakoanzia. Tangu Julai 2018, kwa marekebisho ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1998, gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Kabla ya hapo mlango ulikuwa wazi ila una bei: tozo ya mazingira, iliyopandishwa hatua kwa hatua hadi kwa magari ya zamani ya abiria ikafikia nusu ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na vijikodi vingine vinavyoonekana vidogo mpaka uvijumlishe. Majirani wameamua tofauti. Kenya imefunga mapema zaidi, miaka 8. Tanzania haijafunga, inamtoza mwenye gari kuukuu ushuru wa ziada kwa uchakavu na kumwacha apite. Mimi naona njia ya Tanzania ni ya kweli zaidi, kwa sababu inakiri kwamba watu wataendelea kununua magari ya zamani maadamu mapya hayanunuliki.

Mtego uko kwenye neno "tangu litengenezwe". Magari mengi yanayokuja huku yanatoka Japani, ambako ukaguzi wa lazima, baada ya miaka mitatu ya kwanza na kisha kila baada ya miwili, humfanya mwenye gari aone heri aliuze kuliko kulitengeneza. Cheti cha kusafirishia gari kinachotolewa Japani kinaonyesha lini gari lilisajiliwa kwa mara ya kwanza. Hakionyeshi lilitoka kiwandani lini. Gari lililotengenezwa Novemba 2009 likakaa dukani, likasajiliwa Februari 2010, kwenye karatasi ni la 2010. Kwa sheria ya Uganda lilitimiza miaka 15 Novemba 2024. Mnunuzi aliyehesabu kwa karatasi anajiona ana miezi mitatu mkononi, kumbe hana hata siku moja. Ndiyo kazi ya kampuni kama JEVIC, EAA na QISJ, ambazo hulikagua gari huko huko kabla halijapakiwa, kwa niaba ya Shirika la Viwango la Uganda. Asiyepitia kwao hukutana na faini na ukaguzi mwingine akiwa tayari ameshalipa meli.

Sheria hiyo ya miaka 15 ina tokeo moja ambalo sidhani lilizungumzwa vya kutosha. Ilifunga mlango wa nje bila kugusa waliokwisha kuwa ndani. Pick-up ya 1991 iliyosajiliwa zamani ni halali kabisa; hakuna anayeihesabia miaka. Kwa hiyo tangu 2018 logibuku, yaani kitabu cha usajili, ya gari kuukuu imepata thamani isiyokuwa nayo, kwa kuwa gari la namna ile haliwezi tena kuletwa. Gari lenyewe laweza kuoza, kitabu hakiozi. Na pale kitabu kinapokuwa na thamani kuliko chuma, watu huanza kutafuta chuma cha kukivalisha.

Sasa twende gerejini. Mzee mmoja, Haji, ana Toyota Hilux ya petroli ambayo ameitumia tangu watoto wake wako shule ya msingi. Inakunywa. Zamani jambo hilo halikumuumiza sana, kwa sababu petroli ya magendo kutoka Kongo iliuzwa Arua barabarani kwenye madumu na vijana waliojiita Opec Boys. Siku hizi anajaza kituoni kama watu wengine.

"Haji, hii petroli itakumaliza," fundi anamwambia. "Tukufungie 3L. Dizeli, haina maneno mengi, na spea zake ziko mpaka sokoni Koboko."

"Na kitabu je?"

"Kitabu si utaandikisha baadaye, Haji."

Hiyo "baadaye" ndiyo imejaza makala hii. Injini inaletwa kutoka Kampala, kwa wauza spea wa Kisekka, wakati mwingine ikiwa ndani ya kichwa kizima cha gari kilichokatwa ng'ambo. Mafundi wanahamisha vishikio vya injini kwa kuchomelea, wanabadilisha gia boksi, wanatafuta rejeta kubwa kidogo, wanaondoa mabomba ya petroli. Kazi nzuri, na gari linaondoka likinguruma kama trekta. Lakini hebu inama chini ya tairi la mbele la kulia, ukwangue tope na grisi kwenye fremu. Utaona herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye chuma. Toyota za soko la Japani hazitumii ile namba ya kimataifa yenye herufi na tarakimu 17. Hutumia namba ya fremu inayoanza na jina la muundo. Kwenye Hilux ya Haji inaanza na RN. N ni Hilux. R ni familia ya injini iliyofungwa kiwandani, injini za petroli za R. Ingekuwa imezaliwa na dizeli ya L, chuma kingesema LN. Vivyo hivyo kwenye Land Cruiser: HZJ75 ni J75 iliyotoka na injini ya 1HZ.

Kwa hiyo Hilux ya Haji inabeba ushahidi dhidi yake yenyewe. Mkaguzi mwenye uzoefu hahitaji hata kufungua boneti. Anasikia mlio wa dizeli, anasoma RN, anajua. Na kitabu kinasema petroli, kina namba ya injini iliyokwisha kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Sheria inataka nini hapo? Haikatazi. Hili linafaa kusemwa kwa sauti kwa sababu wengi wanaamini kubadilisha injini ni kosa, na kwa imani hiyo wanaficha. Mwenye gari anaruhusiwa kubadilisha injini, rangi, hata bodi. Kinachotakiwa ni msajili ajue na kumbukumbu zirekebishwe. Kwa miaka mingi msajili alikuwa Mamlaka ya Mapato, URA. Kazi hiyo imehamishiwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ingawa malipo bado hupita URA na bila TIN, namba ya mlipakodi, huendi popote. Gari hupelekwa kwa Mkaguzi wa Magari wa polisi, ambaye husoma namba za chasisi na injini kwa macho yake na kuandika ripoti. Mwenye gari huleta uthibitisho wa alikoipata injini, huapa hati ya kiapo, hulipa ada, na kitabu hutoka upya.

Namba ya chasisi ina hukumu yake peke yake. Injini yaweza kwenda na kuja. Namba iliyogongwa kwenye fremu ndiyo gari, machoni pa sheria, na kuifuta au kuigonga upya kwa siri ni jinai. Wakaguzi wengi huinakili kwa njia ya kale: karatasi inawekwa juu ya namba na kusuguliwa kwa penseli mpaka maandishi yajitokeze. Penseli inaonyesha kitu ambacho jicho hukosa. Namba za kiwandani zimekaa sawa, kina kimoja, nafasi moja. Iliyogongwa kwa nyundo chini ya mwembe huwa na tarakimu inayoinama au chuma kilichokonda kwa kusagwa. Kutu nayo husababisha shida ya kweli kwa watu wasio na hatia. Fremu ya gari lililoishi kwenye matope ya njia za Ariwara miaka 30 inaweza kula namba yake yenyewe. Aliye na busara huenda kwa mkaguzi kabla namba haijapotea, na kamwe hamruhusu fundi "aisafishe" kwa gurudumu la kusagia.

Waingereza, ambao wana magari mengi ya kale na mapenzi nayo kupita kiasi, walijaribu kuligeuza swali hili la gari ni kitu gani hasa kuwa hesabu. Gari lililobadilishwa sana lilipewa alama: chasisi au bodi ya asili 5, springi na mfumo wake 2, ekseli 2, gia boksi 2, usukani 2, injini 1. Ili libaki na namba yake ya zamani lilihitaji angalau alama 8, na chasisi iwe ya asili au mpya kabisa ya muundo ule ule. Tazama injini ilivyodharauliwa: alama moja, sawa na nusu ya usukani. Kwa hesabu hiyo Hilux ya Haji inapoteza 1 kwa injini na 2 kwa gia boksi, inabaki na 11, na inashinda kwa raha. Lakini ile nyingine iliyoko uani kwa jirani, yenye fremu ya gari moja, bodi ya lingine na kitabu cha la tatu lililogongwa na basi njia ya Pakwach, ingeanguka palepale. Uganda haina hesabu ya namna hii. Ina mkaguzi na busara yake, jambo linalofaa pale busara ilipo.

Usukani ndio mabadiliko ninayoyaogopa kuliko yote, na katika ukanda huu wa mipaka vishawishi ni vingi. Gari la usukani wa kushoto likiwa bei nafuu upande wa pili, kuna fundi atakayejitolea kuugeuza. Kugeuza vizuri maana yake ni kuhamisha sanduku la usukani na nguzo yake, pedali, silinda kuu ya breki, dashibodi, waya, hata waipa, kwa vipuri vya gari la aina ile ile lililotoka kiwandani na usukani wa kulia. Kugeuza kibiashara ni kuchomelea nguzo ya usukani na kurefusha fimbo ya breki ipite upande wa pili wa injini. Chuma kilichochomelewa kwenye usukani hakitoi onyo kabla ya kukatika. Hata asiyegeuza kitu ana jambo la kuangalia: taa. Mwanga wa chini wa gari la nchi za kushoto umetengenezwa uinuke kidogo kuelekea kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Lipeleke gari hilo Aru, Kongo, au Kaya, Sudan Kusini, usiku, na mwanga ule ule unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja mbele. Madereva wa pande zote mbili hulaumiana kwa ukorofi kumbe ni kioo cha taa.

Kuna aina moja ya gari ambalo limeijaza West Nile na lina sheria zake. Kambi za wakimbizi za Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi zilileta mashirika, na mashirika yakaleta Land Cruiser nyeupe. Nyingi huingia bila kodi kwa msamaha unaopewa mashirika ya misaada. Miaka ikipita huuzwa kwa mnada, na hapo mnunuzi hushangilia bei. Msamaha ule ulikuwa wa shirika, haukuwa wa gari. Likienda kwa mtu asiyestahili msamaha, kodi inadaiwa kwa mujibu wa Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na bila kodi hiyo hakuna kuhamisha umiliki. Swali la kuuliza mnadani, kabla ya kunyoosha mkono, ni moja: bei hii ni pamoja na ushuru au bila ushuru? Anayesahau kuuliza hujikuta na gari lililopaki nyumbani chini ya turubai, zuri, zima, lisilo na kitabu cha jina lake.

Teksi za Hiace sitazikalia sana kwa kuwa zina hadithi ndefu mahali pengine. Itoshe kusema kwamba nyingi zilizaliwa zikiwa magari ya mizigo, na viti vya abiria 14 vilichomelewa baadaye. Kenya ilipambana na jambo hili kwa kanuni zilizopewa jina la Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zikilazimisha mikanda kwa kila kiti na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mkanda unaofungwa kwenye kiti kilichoshikiliwa na boliti mbili kwenye bati la sakafu haumsaidii abiria. Kiti kinaondoka naye.

Nirudi kwenye kitabu, na kwa nini kimeachana na gari kiasi hiki. Lawama nyingi hutupwa kwa mafundi na wamiliki. Nadhani serikali ina sehemu yake kubwa. Zamani kila mwaka mwenye gari alikata leseni ya barabara. Ilikuwa kero, lakini ilimlazimisha mtu na karatasi zake kufika mbele ya ofisi mara moja kwa mwaka. Mwaka 2007 Uganda iliifuta na kuhamishia kodi hiyo kwenye mafuta. Kwa mapato lilikuwa wazo zuri: anayetembea sana analipa sana, na hakuna wa kukimbia. Ila gari likapoteza siku yake ya kuonekana. Ukaguzi wa lazima ungeziba pengo hilo. Kazi ikapewa kampuni ya SGS kwa mkataba wa 2015, vituo vikajengwa, wenye magari wakalalamikia ada, na mwaka 2017 Bunge likataka zoezi lisimamishwe. Kilichobaki ni bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima tangu sheria ya 1989. Stika yake hununuliwa kwa dakika chache na muuzaji haulizi injini ni ya nani.

Haji ameendesha Hilux yake hivyo kwa miaka bila kusumbuliwa, na angeweza kuendelea hivyo. Matatizo ya kitabu kisichofanana na gari hujitokeza siku mbaya: gari limeibwa na polisi wanahitaji namba ya injini, limegonga mtu na kampuni ya bima inatafuta sababu ya kutolipa, mzee amefariki na watoto wanataka kuligawa, mnunuzi wa kutoka Koboko ameleta fedha taslimu na mkaguzi wake.

Sasa kuna siku nyingine imeongezwa. Mwaka 2021 serikali iliingia mkataba na kampuni ya Kirusi ya Joint Stock Company Global Security kuleta namba za kidijitali zenye kifaa cha kufuatilia gari. Zilianza Novemba 2023 kwa magari ya serikali, zikafuata kwa magari yanayosajiliwa kwa mara ya kwanza, na yaliyomo barabarani yanaingizwa kwa awamu. Ada iliyotangazwa kwa gari lililokwisha kusajiliwa ni shilingi 150,000, na pikipiki 50,000. Mabishano mengi yamekuwa juu ya fedha hizo na juu ya kufuatiliwa na dola, na la pili lina uzito kuliko la kwanza. Lakini kwa watu wa magari ya zamani liko jambo la tatu. Namba hizi hazichukuliwi na wakala kwenye bahasha. Gari lenyewe linapelekwa kituoni, na namba inafungwa juu yake.

Haji anasema atasubiri mpaka zamu yake ifike. Mimi ningemshauri aende kwa mkaguzi mwezi huu, wakati foleni ni fupi. Ripoti ya ukaguzi na ada havitamsumbua. Kitakachomsumbua ni risiti ya ile 3L, ambayo muuzaji wa Kisekka hakuwahi kuiandika, na fundi aliyekwenda kuinunua amehamia Juba.